Kufunga upya L16 ya Datsun kwa bajeti ndogo: fedha ianze kwenda wapi ili nguvu iongezeke kweli?

Bluu510 (mleta uzi)

Wakuu, salaam. Ninaomba mawazo ya wale waliowahi kufungua injini za zamani na kuzifunga upya kwa lengo la kuongeza nguvu, si kuzirudisha barabarani tu. Gari ni Datsun 510, na injini ni ile iliyotoka nayo kiwandani, L16 ya cc 1595, yenye silinda za kipenyo cha milimita 83 na mwendo wa pistoni wa milimita 73.7. Inawaka na inatembea, lakini inakula oili, silinda ya tatu ina kompresheni hafifu kuliko nyingine, na cheni ya taimingi (inayozungusha kamshafti) inasikika kila ninapoachia mafuta. Kwa vyovyote vile lazima ifunguliwe, hivyo nimeona gharama ya kuifungua iende sambamba na kuipa nguvu zaidi.

Mpango wangu wa awali ni huu: pistoni za foji (za chuma kilichofuliwa kwa mgandamizo) za ovasaizi ya milimita 1, yaani kubwa kuliko za kiwandani, kamshafti (shafti inayofungua valvu) ya mashindano yenye muda mrefu wa kufungua valvu, kabureta mbili za Weber 40 DCOE, manifoldi ya ekzosi ya mirija minne, na flaiwili (gurudumu zito la mwisho wa krenki) iliyopunguzwa uzito. Hedi (kichwa cha injini) ingeoshwa na valvu zingesagwa kwa mkono, basi. Gari litakuwa la matumizi ya kila siku, na mara mojamoja litapelekwa kwenye uwanja wa mbio kwa kujifurahisha. Mfuko hautoshi kununua vyote kwa mara moja, kwa hiyo ninataka kujua nianze na kipi na kipi kisubiri. Ninajua pia kwamba injini za L18 na L20B ni za familia hiyohiyo. Mwenye maoni kuhusu kuhamia huko naye atoe.

Mchonga Vyuma

Ndugu mleta uzi, kila kifaa ulichokitaja ni kizuri kikiwa peke yake, ila havijakaa pamoja, na fedha yote imeelekezwa kwenye vitu vinavyoonekana boneti ikifunguliwa. Kabla hujanunua hata gasketi, amua kwanza injini hii itafanya kazi muda mwingi katika mizunguko mingapi kwa dakika. Gari la kila siku hukaa zaidi kati ya 2,000 na 4,500, na hupanda hadi 6,000 au zaidi kidogo pale dereva anapotaka raha. Kamshafti kali ya mashindano huanza kuamka mahali ambapo wewe tayari unabadilisha gia. Ukiifunga, utapata injini inayotetemeka ikiwa sailensa (ikiwaka bila kukanyagwa mafuta), inayokosa pumzi kwenye mlima, na yenye nguvu nzuri katika eneo ambalo utaligusa kwa nadra. Mizunguko ikishaamuliwa, kamshafti hufuata, kisha uwiano wa mbano (hewa inabanwa mara ngapi ndani ya silinda), kisha hedi, na kabureta mwishoni kabisa. Wengi huanza na kabureta kwa sababu zinang'aa.

Sasa tuangalie hesabu ya ovasaizi, kwa sababu wengi huitegemea kuliko inavyostahili. Ukibori (ukitanua) silinda kutoka milimita 83 hadi 84, ujazo unatoka cc 1595 na kufika cc 1634 hivi, yaani ongezeko la asilimia 2.4. Hutalisikia hilo kwa mguu. Ovasaizi inafanywa kwa sababu silinda zimeliwa na zimekuwa na umbo la yai, si kwa sababu ya nguvu. Kwa hiyo usichague ukubwa wa pistoni kabla ya kupima. Silinda inapimwa juu, katikati na chini, kwa pande mbili zinazokingamana, kisha unachagua ovasaizi ndogo kuliko zote inayosafisha kuta. Kila nusu milimita unayoibakiza kwenye bloki ni maisha mengine ya injini hiyo siku za usoni, na bloki za L16 haziongezeki duniani.

Pistoni za foji nazo ningeziacha. Injini isiyo na tabo (turbo), inayozunguka hadi 6,500, inahudumiwa vizuri na pistoni za kawaida za kusubu zenye ubora, mradi cheche na mchanganyiko wa mafuta viwe sahihi. Pistoni za foji hutanuka zaidi zikipata moto, hivyo hufungwa kwa nafasi kubwa zaidi kati yake na ukuta wa silinda, na injini ikiwa baridi utazisikia zikigonga. Fedha ya tofauti hiyo ipeleke kwenye mambo yafuatayo ambayo hayapigwi picha.

La kwanza ni ukaguzi wa nyufa kwenye krenkishafti (shafti kuu inayozungushwa na pistoni) na konrodi (mikono inayoziunganisha) kwa njia ya sumaku. Chuma cha zaidi ya miaka 50 hakiaminiki kwa kutazamwa. La pili ni bolti za konrodi: nunua mpya, hata kama za zamani zinaonekana safi. Pistoni inapofika juu na kugeuka kurudi chini, bolti hizo mbili ndizo zinazoivuta, na mzigo huo huongezeka kwa mraba wa mizunguko, kwa hiyo kutoka 5,000 hadi 6,500 mzigo unaongezeka kwa takriban asilimia 69. Bolti mpya zikifungwa, tundu kubwa la konrodi lipimwe tena na kurekebishwa, kwa maana bolti mpya inaweza kuvuta kikombe (kifuniko cha chini cha konrodi) na kubadilisha umviringo wake. La tatu ni kubalansi. Pistoni na konrodi unaweza kuzipima mwenyewe kwa mizani ndogo ya dijitali na kuzilinganisha hadi tofauti isiyozidi gramu moja, ukipunguza chuma mahali pasipobeba mzigo. Lakini krenkishafti, flaiwili na kava ya klachi vipelekwe pamoja kwenye mashine. Ukitaka flaiwili ipunguzwe uzito, ifanyike kabla ya hapo, kwa kiasi, na kwa kuondoa chuma cha ukingoni tu.

Nafasi za beringi ni jambo la kupima wewe mwenyewe hata kama karakana imekuhakikishia. Kanuni ya zamani inayofaa mpaka leo ni elfu moja ya kipenyo cha shafti: jonali kuu za L16 (sehemu za krenki zinazozunguka ndani ya beringi) zina takriban milimita 55, kwa hiyo unatarajia nafasi ya karibu milimita 0.05. Vilevile upenyo wa ringi ya juu kwa injini ya barabarani ni kama elfu nne za kipenyo cha silinda, na kwa silinda ya milimita 84 hiyo ni milimita 0.34 hivi. Ringi inasukumwa ndani ya silinda kwa kichwa cha pistoni ili ikae sawa, kisha unapima kwa fila (vipande vyembamba vya kupimia nafasi). Ikibana, chonga ncha moja kwa tupa laini, ukielekea ndani, kidogokidogo.

Bluu510 (mleta uzi)

Ahsante sana, mkuu. Nimekubali kuhusu foji na kabureta. Hata hivyo, kama ovasaizi haileti nguvu, je, si afadhali nitafute L20B moja kwa moja? Ina cc 1952, karibu asilimia 22 zaidi.

Mwendo 86

Hilo nalijibu mimi kwa kuwa ninaijua L20B kwa muda mrefu. Mleta uzi yuko sahihi kwamba ujazo ndio nguvu ya bei nafuu kuliko zote, na ukipata injini nzima ya familia hiyo kwa bei ya kawaida, haitakuwa uamuzi mbaya. Lakini yapo mambo mawili ya kupima.

Kwanza, bloki ya L20B ni ndefu kwa kimo kuliko ya L16 kwa takriban milimita 20. Kava ya mbele na cheni si zile ulizonazo, bomba la ekzosi halifiki mahali pake, na kabureta zinapanda karibu na boneti. Hakuna kisichotatulika hapo, ila kila kimoja kinakula fedha ambayo hukuiandika kwenye bajeti. Pili, mwendo wa pistoni ni milimita 86. Wastani wa kasi ya pistoni katika mizunguko 6,500 unafika mita 18.6 kwa sekunde, wakati L16 katika mizunguko hiyohiyo iko kwenye mita 16. L16 ingelazimika kuzunguka karibu 7,600 ili ipate kasi hiyo. Maana yake L20B ni injini ya kuvuta kutoka chini, si ya kupiga kelele juu, na binafsi ndiyo maana ninaipenda kwenye gari la kila siku.

Katikati yake kuna L18, ambayo watu huisahau. Silinda ni milimita 85, mwendo wa pistoni milimita 78, ujazo cc 1770, yaani asilimia 11 juu ya yako, na bloki yake ina kimo kilekile cha L16. Inakaa pale ilipokuwa L16 bila kukuomba ubadilishe kitu kikubwa. Kama utaipata bloki ya L18 iliyo nzima pamoja na krenkishafti na konrodi zake, ningeichukua kabla ya kulipia kubori L16. Kama hutaipata kwa bei nzuri, baki na L16 uliyonayo na usijute. Inapenda kuzunguka kuliko ndugu zake wote.

Angalizo: usinunue L18 wala L20B iliyofungwa bila kuiona ndani. Ukiruhusiwa, ondoa kava ya valvu na plagi, zungusha krenki kwa mkono, na uangalie pua za kamshafti (vinundu vinavyofungua valvu) kwa tochi. Injini hizi zikikaa na oili chafu, pua za kamshafti ndizo zinazoliwa kwanza.

Mchonga Vyuma

Ninakubaliana na Mwendo 86 kuhusu L18. Sasa niende kwenye hedi, kwa sababu mleta uzi aliipa mstari mmoja tu kwenye mpango wake, na kwa maoni yangu ingestahili nusu ya uzi. Injini hii ina hedi ya aluminiamu juu ya bloki ya chuma, kamshafti moja juu, valvu mbili kwa kila silinda, na hewa huingia na kutoka upande mmoja. Mpangilio huo si bora kwa kupumua, kwa hiyo kila unachokiokoa kwenye njia za hewa kinaonekana.

Faida kubwa haiko kwenye kutanua mdomo wa njia ya hewa, pale ambapo kila mwenye mashine ya kusagia hupenda kuanzia. Iko kwenye sentimita chache zilizo juu na chini ya siti ya valvu. Siti ikatwe kwa pembe tatu, nyuzi 30, 45 na 60, ili hewa igeuke taratibu badala ya kugonga ukingo. Chini ya siti, kwenye ule mfuko ambapo njia inapinda, mara nyingi utakuta ngazi iliyoachwa na mashine ya kiwandani. Hiyo ilainishwe kwa mkono mpaka kidole kisiisikie. Usiguse sakafu ya njia zaidi ya kuisafisha, na usihangaike kuing'arisha upande wa kuingiza. Kazi hiyo ni ya jioni kadhaa na vifaa vya bei ya chini, na kwa injini ya barabarani inazidi kwa mbali kabureta kubwa zilizofungwa juu ya hedi isiyopumua. Ukubwa wa valvu ni suala jingine: hedi nyingi za L16 za kabureta moja zina valvu za kuingiza za milimita 38, ilhali za L18 na L20B ni milimita 42. Ukipata hedi ya valvu kubwa ikiwa nzima, ni bahati, ila pima kwanza ujazo wa chumba chake cha mwako, kwa sababu unagusa uwiano wa mbano.

Gaidi za valvu (mirija ambamo mashina ya valvu hupita) zikaguliwe kabla ya siti kukatwa, si baada. Ukikata siti kwenye gaidi iliyolegea, umekata siti kwa pembe ya kubahatisha. Kuhusu petroli isiyo na risasi, hofu ya siti kuliwa inahusu zaidi hedi za chuma ambazo siti imekatwa ndani ya chuma chenyewe. Hedi ya aluminiamu ina siti za kupachikwa tangu mwanzo, hivyo kinachotakiwa ni kukagua kama zimeliwa au zimelegea.

Halafu kuna jambo ambalo mafundi wasioizoea familia ya L hulipuuza. Kamshafti imekaa juu ya minara midogo iliyofungwa kwa bolti juu ya hedi, na minara hiyo ilitobolewa kwa pamoja ikiwa mahali pake. Usiichanganye, na kama hakuna sababu ya lazima, usiifungue kabisa. Ikiwa hedi imepinda na ukaiskimu (ukakwangua uso wake kwa mashine) upande wa chini peke yake, kamshafti bado inaweza kuwa imejikunja juu. Jaribu kuizungusha kwa vidole bila roka (mikono midogo inayosukuma valvu), na ikikwama mahali, tatizo liko kwenye mstari wa minara.

Kuskimu hedi kunaleta matokeo mengine. Umbali kati ya krenkishafti na kamshafti unapungua, cheni inalegea, taimingi ya kamshafti inachelewa, na tenshena (kifaa cha kukaza cheni) inalazimika kutoka zaidi ya kawaida. Sproketi ya kamshafti ina matundu matatu ya kurekebishia, yaliyowekwa kwa ajili ya cheni iliyorefuka, na kwa skimu ndogo yanatosha. Kwa skimu kubwa, weka shimu chini ya minara zenye unene sawa na ulichokiondoa, na vivyo hivyo urefu wa valvu na vipande vya chuma vinavyokaa juu ya valvu uangaliwe upya. Na unapotoa hedi, pachika kabari ya mbao kati ya pande mbili za cheni kabla hujaifungua sproketi. Tenshena ikiruka, utaifungua kava ya mbele yote.

Jeti Kuu

Mimi nitazungumzia uwiano wa mbano, kwa sababu hapo ndipo nguvu ya bure ilipo na hapo ndipo injini hufia. Usikubali namba ya kukisia, kwani hedi ya zaidi ya miaka 50 inaweza kuwa imeskimiwa mara kadhaa bila wewe kujua. Pima.

Laza hedi kichwa chini, ikiwa imewekwa sawa kwa pimamaji, valvu na plagi zikiwa mahali pake. Paka grisi nyembamba kuzunguka chumba, funika kwa kipande cha plastiki nene inayoonyesha chenye tundu dogo, kisha jaza mafuta ya taa kwa bomba la sindano lenye vipimo mpaka povu la mwisho litoke. Kiasi ulichoingiza ndicho ujazo wa chumba. Fanya hivyo kwa vyumba vyote vinne, na kile kikubwa kuliko vyote ndicho kipimo ambacho vingine vitasogezwa kukifikia, kwa kuchonga kidogo.

Nitoe mfano kwa L16 iliyoboriwa hadi milimita 84, yenye pistoni za kichwa bapa. Silinda moja ina cc 408.4. Tuseme chumba kimepimwa kuwa cc 42. Gasketi yenye tundu la milimita 85 na unene uliobanwa wa milimita 1.2 ina cc 6.8. Pistoni ikibaki milimita 0.3 chini ya uso wa bloki, ongeza cc 1.7. Jumla ni cc 50.5. Ukijumlisha na 408.4 kisha ukagawanya kwa 50.5, unapata uwiano wa 9.1 kwa 1. Ukitaka 9.5 kwa 1, jumla inatakiwa iwe cc 48, kwa hiyo unahitaji kuondoa cc 2.5 kwenye chumba. Kujua ni unene gani uskimiwe, jaza chumba, kisha uvute cc 2.5 kwa sindano. Umbali kutoka uso wa hedi hadi uso wa mafuta ndio kina cha kuskimu. Hakuna haja ya jedwali lolote.

Uwiano upi basi? Kwa petroli ya kawaida, hedi ya aina hii na kamshafti ya wastani, mimi ningelenga kati ya 9.3 na 9.7. Kumbuka kwamba kamshafti yenye muda mrefu hufunga valvu ya kuingiza kwa kuchelewa, hivyo sehemu ya hewa inarudishwa kwenye manifoldi pistoni ikianza kupanda, na mbano halisi unapungua. Ndiyo sababu kamshafti kali kwenye injini yenye mbano wa chini hulegea kabisa chini ya mizunguko 3,000. Vitu hivyo viwili vinachaguliwa kwa siku moja, kwenye karatasi moja.

Bluu510 (mleta uzi)

Nimeelewa, na ninakiri kwamba sikuwahi kufikiria kupima chumba kwa mafuta ya taa. Nimebakiwa na masuala mawili. Kama kabureta mbili za Weber zinasubiri, nitumie nini kwa sasa? Na je, kamshafti mpya ni lazima, au ya zamani inaweza kusagwa upya?

Jeti Kuu

Kabureta mbili za Hitachi za aina ya SU, zile zilizokuwa kwenye Bluebird SSS, ndizo jibu la bajeti. Zina jeti moja na sindano inayopanda yenyewe kadiri hewa inavyohitajika, hivyo huvumilia mabadiliko ya injini bila kuzinunulia jeti nyingi. Ukizipata, badilisha kwanza bushi za shafti za kipepeo; hewa ikivuja hapo, hutaweza kuzisawazisha hata ukikesha. Ikiwa nazo hazipatikani, kabureta moja ya koo mbili ya Weber 32/36 inatosha kwa mwanzo. Kabureta za DCOE ni nzuri mno zikiwa zimepangwa, ila bei yake halisi si ya kabureta tu: kuna manifoldi, lingi ya mafuta (vyuma vinavyounganisha kanyagio na kabureta), pampu yenye presha ya chini iliyodhibitiwa, na sanduku zima la jeti.

Kabla ya yote hayo, tengeneza cheche. Distribyuta ya zamani yenye platini, ambayo shafti yake inacheza, inatoa taimingi tofauti kwa kila silinda, na ukiongeza mbano juu ya hali hiyo unaitafutia pistoni kifo. Distribyuta ya elektroniki kutoka Datsun za baadaye za familia hii inaingia mahali palepale, na wakati mwingine inapatikana kwenye magari yaliyochakaa kwa bei ndogo. Springi na uzito wa ndani zirekebishwe ili adivansi kamili (kutangulia kwa cheche) ifike takriban nyuzi 34 katika mizunguko kama 3,000, kisha ushuke nyuzi moja moja ukisikia injini inagonga. Kupima kwa taa ya taimingi ikiwa sailensa pekee hakutoshi. Pima juu, kwa sababu huko ndiko pistoni hutobolewa.

Mchonga Vyuma

Kuhusu kamshafti: ya zamani ikiwa haijachubuka sana inaweza kusagwa upya kwa umbo kali zaidi, na ni njia nafuu ambayo nimeipenda siku zote. Masharti yapo. Kusaga kunapunguza kipenyo cha sehemu ya mviringo, kwa hiyo vipande vya juu ya valvu lazima viwe vinene zaidi ili roka ikae katika pembe yake. Unathibitisha kwa macho: paka uso wa roka kwa rangi ya maka, funga, zungusha krenki kwa mkono mizunguko kadhaa, kisha fungua utazame alama. Pua ya kamshafti inatakiwa iwe imefuta rangi katikati ya uso wa roka, ikiacha mpaka usioguswa kila upande. Ikiwa imefika ukingoni, badilisha unene wa vipande na urudie, valvu moja baada ya nyingine. Roka zisagwe upya pia au ziwe mpya, kwani roka ya zamani kwenye kamshafti mpya huila. Springi zipimwe kama hazigusani mizunguko yake valvu ikiwa wazi kabisa. Kwa injini ya barabarani, muda wa valvu kuwa wazi wa nyuzi 270 hadi 280 za mzunguko wa krenki kwa kipimo cha watengenezaji unatosha.

Jambo jingine la familia hii: kamshafti nyingine hupata oili kupitia matundu yaliyotobolewa ndani yake, na nyingine hupata kupitia bomba dogo lililofungwa juu. Hakikisha kamshafti uliyonayo na hedi uliyonayo zinaelewana. Pua isiyopata oili haimalizi nusu saa.

Kuhusu bajeti yenyewe, tenga sehemu ya tano ya fedha yako yote na usiiguse mpaka injini iwe imefunguliwa, imeoshwa na kupimwa. Hapo ndipo utajua kama krenki inahitaji kusagwa au hedi ina ufa. Nunua kwa mpangilio huu: vipimo na kazi za mashine, beringi na ringi na pistoni, pampu ya oili, seti nzima ya cheni, kazi ya hedi, kamshafti, distribyuta, kisha ekzosi. Kabureta baadaye. Usisahau rejeta na breki, maana injini mpya itazidai zote mbili.

Mwendo 86

Nimalizie kwa siku ya kuwasha, kwa kuwa hapo wengi huharibu kazi ya miezi. Paka pua zote za kamshafti grisi maalumu ya kufungia injini. Jaza oili ya madini yenye zinki ya kutosha, si ya kisasa nyepesi. Weka klearansi za valvu za baridi, milimita 0.20 kwa kuingiza na 0.25 kwa kutoa. Ondoa plagi, zungusha kwa stata mpaka geji ya oili ipande, ndipo urudishe plagi. Taimingi ya cheche iwe imeshapangwa na kabureta ziwe na mafuta, ili injini iwake mara moja na isiachwe kuzungushwa kwa stata muda mrefu.

Ikiwaka, usiiache sailensa. Ipandishe hadi 2,000 au 2,500 na uishikilie humo kwa dakika 20 hivi, ukibadilisha mizunguko kidogokidogo, huku mwingine akiangalia joto na uvujaji. Kisha zima, iache ipoe kabisa, na ukaze upya bolti za hedi kwa spana ya torki kwa mpangilio na kipimo cha kitabu cha injini husika. Baada ya hapo ipeleke barabarani na uiendeshe kwa mzigo, ukiongeza mafuta kwa nguvu kiasi kwenye gia ya tatu na kuachia, kwa sababu ringi hukaa kwa presha ya kazi, si kwa kubembelezwa. Klearansi za moto ni milimita 0.25 na 0.30, zipime tena siku hiyohiyo.

Oili ya kwanza imwagwe mapema, na filta yake ikatwe na kufunguliwa kwa kukunjua karatasi ya ndani kwenye mwanga. Unga laini wa kijivu ni wa kawaida kwa injini mpya. Vipande vinavyometa kama shaba vinatoka kwenye beringi. Ukiviona, gari lisiwashwe tena mpaka sampu (bakuli la oili) ishushwe na vikombe vya konrodi vifunguliwe kimoja kimoja.